Zamu ya Mjane

Sigrun Bakkerud alikuwa na mikono mikubwa kuliko ya marehemu mume wake, na watu wa bonde la Mierebi hawakuchoka kumkumbusha hilo. Alifika Montana akiwa msichana wa kazi za ndani. Akaolewa na Anders Bakkerud kwa sababu Anders alikuwa mpole na hakunuka tumbaku. Alimzalia watoto wawili, wote wakazikwa kabla hawajajua kusimama dede, kisha akamzika na Anders mwenyewe, aliyepigwa teke na farasi ambaye siku zote alikuwa mtulivu. Walichomwachia ni kondoo majike mia mbili na kitu, chemchemi isiyoganda hata katikati ya Januari, na mama mkwe, bibi Bergit, ambaye naye hakuwa mtu wa kuganda.

Nyumba yao ilikuwa juu mwinukoni, pale milima inapoanzia. Chini yake, upande wa kaskazini, kulikuwa na bonde, na bondeni alikaa Knut, kaka yake Anders. Knut alikuwa na nyasi nzuri, banda refu la mbao lenye paa la bati, na kisima kilichotoa maji ya chumvi chumvi. Tangu Anders azikwe, kila akipanda kumsalimia mama yake alipitia kwanza chemchemini, akachota kwa kiganja, akanywa, akatikisa kichwa kama mtu aliyeona mali ya wizi.

"Shemeji," alizoea kusema, "maji haya yanapotea bure huku juu."

"Hayapotei, shemeji. Kondoo wangu wanayajua yalipo."

Kule upepo si mchezo. Majira ya baridi ya mwaka ule ulikuja upepo wa magharibi ukang'oa paa la banda la Sigrun likiwa zima, misumari na yote. Paa lile lilipita juu ya kanisa siku ya Jumapili, mchungaji yumo katikati ya mahubiri. Giza likaingia madirishani, na wapo waliodhani dunia ndiyo imekwisha, wakatubu kwa sauti mambo ambayo mpaka leo wake zao hawajawasamehe. Wanasema lilitua Dakota, na kuna watu wamefungia ndoa chini yake. Knut akamwambia Sigrun asiwe na wasiwasi, atamsaidia kuezeka upya nyasi zikianza kuota. Nyasi zikaota, kondoo wakazila, na Knut akawa na shughuli nyingi.

Sasa wanyoaji. Kila Aprili huja kundi la wanyoaji likitoka shamba hadi shamba, mikasi kiunoni, wakiongozwa na mtu mmoja mwekundu usoni aitwaye Rafferty. Kondoo wanyolewe kabla hawajazaa, ili mwana-kondoo akitoka aone chuchu badala ya kunyonya fundo la sufu. Ukikosa zamu yako, kundi limekwenda zake, na litarudi kondoo wako wamekwisha kuzaa na sufu nusu imebaki kwenye miiba. Kwa hiyo zamu hupangwa kanisani, baada ya ibada, kwenye kahawa na mkate mwembamba wa viazi. Na kila mwaka tangu Anders afe, wanaume walivua kofia, wakainama, wakasema: "Mjane kwanza."

Ukisikia hivyo utadhani ni heshima. Mwenye zamu ya kwanza ndiye anayevuliwa koti mapema kuliko wote. Kondoo aliyenyolewa leo, tufani ya theluji ikimkuta kesho, hufa amesimama. Mwenye zamu ya mwisho, kama Knut, hunyoa maua yamekwisha kuchanua, huku akipiga mluzi. Wote walilijua hilo. Sigrun naye alilijua, lakini mwanamke atasimama vipi mbele ya mchungaji akatae kuheshimiwa?

"Wanakuheshimu kama wanavyomheshimu kuku siku ya sikukuu," alisema bibi Bergit walipokuwa wakirudi nyumbani. "Anatangulia mezani."

"Sasa nifanye nini, mama?"

"Mimi nitajuaje? Mimi nilizaa watoto wa kiume wawili, mwema akafa."

Hewa nayo, kwa sisi tuliokulia kule, ina makwao. Ile ya magharibi imekaa baharini imelowa. Inaipanda milima upande wa pili, inamwaga mvua na theluji yote huko, halafu inatuteremkia sisi ikiwa kavu, na kadiri inavyoteremka ndivyo inavyopata joto. Huyo tunamwita Mlatheluji. Nimemwona akila theluji ya kufika kiunoni kabla chai haijapoa, akabakiza vumbi. Ile ya kaskazini imekaa juu ya barafu ya Kanada wiki nzima bila kazi, ikajifunza tabia za barafu, na siku ikihama inazileta kwetu, kama mkwe. Ni nzito. Haiendi kwa miguu, inatambaa kwa tumbo, inaingia chini ya hewa ya joto kama mwiko unavyoingia chini ya chapati, na yule wa joto anabinuliwa juu atake asitake. Pale wanapokutana ni mpaka hasa. Unaweza kuuvuka mpaka huo ukiwa umebeba kikapu, ukatoka na mayai yaliyoganda upande mmoja.

Anders aliacha ukutani barometa ya shaba, ile saa ya kupima uzito wa hewa, na bibi Bergit aliigonga kila asubuhi kwa kifundo cha kidole, kama anayebisha hodi kwa jirani asiyempenda. Wiki ile wanyoaji walipofika, mshale ulikuwa chini sana. Mlatheluji alikuwa akivuma mchana na usiku. Hewa ilikuwa imekuwa nyepesi, upande wa milima mbingu imejikunja kama upinde wa wingu na chini yake buluu tupu, na watu wote wa bonde wametoa magodoro nje. Rafferty alivua shati, mbavu zikaonekana.

"Mama Bakkerud," akasema, "siku kama hizi ndizo Mungu aliziumbia wanyoaji. Tukimbize?"

Sigrun aliutazama upinde, akalitazama banda lake lisilo na paa, akawatazama kondoo wake waliojaa mimba. Angesema hapana, Rafferty angepakia vitu vyake kwenye gari la farasi na kwenda kwa mwingine. Sufu ya mwaka mzima ingepotea, na sufu ile ndiyo iliyokuwa inamweka mwinukoni. Mjane akiuza kondoo, anauza na ardhi. Akiuza ardhi, mnunuzi alijulikana.

"Nyoeni," akasema.

Wakanyoa. Kondoo walitoka mikononi mwa wanyoaji wakiwa weupe, wembamba, wameshangaa, kama wazee waliofumaniwa bafuni. Kufikia adhuhuri zaidi ya nusu ya kundi lilikuwa uchi. Sigrun aliingia ndani kuchukua kahawa akamkuta bibi Bergit amesimama mbele ya barometa, hagongi.

"Njoo uone," bibi akasema. "Imepanda."

Mmoja wa wanyoaji aliyekuwa mlangoni akashangilia. "Imepanda? Basi mambo mazuri! Chini mbaya, juu nzuri, hata mtoto anajua."

"Wewe kanyoe," bibi akamwambia. "Upepo wa joto bado unavuma, na mshale unapanda? Basi nani huyo anayetukalia kifuani?"

Sigrun alishusha birika. Nyumba za kule hazina dirisha la kaskazini. Nani atoboe ukuta ili baridi imchungulie? Ukitaka kujua kinachokuja kutoka upande huo lazima utoke. Akatoka, akakipanda kilima cha nyuma ya nyumba, sketi imekamatwa na upepo wa joto, akageuza uso kaskazini.

Kulikuwa na ukuta. Rangi yake kama risasi, umenyooka, umelala chini chini juu ya nchi kuanzia upeo mmoja hadi mwingine. Haukuwa mrefu. Juu yake jua lilikuwa linawaka kama kawaida. Lakini ulikuwa unakuja, na Sigrun alipouona hakupima urefu wake. Aliona tu kondoo mia na ushee wasio na nguo.

Alishuka anakimbia. "Rafferty! Acheni! Wa kaskazini anakuja."

Rafferty alitia kidole mate akakiinua. "Upepo ni wa magharibi, mama."

"Huo wa kaskazini hauvumi, unatambaa. Nenda kilimani ukaone mwenyewe."

Alikwenda, akarudi uso umepungua wekundu. "Banda liko wapi la kuwaweka?"

Wote wawili wakaligeukia lile lisilo na paa. Halafu wakatazama chini bondeni, kwenye bati la Knut lililokuwa linang'aa.

Wakashuka kwa farasi, Sigrun mbele, Rafferty nyuma. Karibu na mwisho wa mteremko, kwenye ua wa Knut, baridi ilimlamba Sigrun shingoni. Ilikuwa kama kuingia mtoni usiku. Ukungu mwembamba ulikuwa umetanda magotini mwa farasi na pumzi zao zikawa moshi. Akajisemea moyoni, ndiyo hiyo, imefika, nusu saa nyingine itakuwa kwangu.

Knut alikuwa amesimama nyuma ya waya wa ua, kola imesimamishwa, mikono mifukoni. Alikuwa anatazama juu, kuelekea nyumbani kwa Sigrun. Hakuonekana kuwa na haraka.

"Karibu, shemeji. Naona baridi imekuleta."

"Shemeji, nakuomba banda lako. Usiku huu tu, labda na kesho. Nimeshanyoa zaidi ya nusu."

"Eh. Mapema hivyo?"

"Zamu ya kwanza mlinipa ninyi."

"Ni kweli, ni kweli. Heshima ile." Akakuna kidevu. "Banda lipo. Wangu wako malisho ya kusini, wana sufu zao, hawana neno. Ila nilitaka kuweka nyasi mle, shemeji. Kazi imepangwa."

"Knut. Ni kondoo wa kaka yako."

"Marehemu kaka yangu aliniambia maneno mengi kuhusu ile chemchemi," Knut akasema. Anders hakuwahi kumwambia lolote. "Aliona haifai ikae juu peke yake. Mimi sikusumbui, lakini leo umekuja wewe. Nipe chemchemi, nikupe banda. Maji ya jikoni utachota kwa ndoo, siwezi kumnyima mama yangu maji."

Rafferty alitazama masikio ya farasi wake. Ukungu ulikuwa umepanda hadi kwenye matumbo ya wanyama. Sigrun alisikia meno yake mwenyewe yakigongana.

"Na ukishanichukulia maji, kondoo watakunywa nini?"

"Kwanza wawe hai, shemeji. Maiti hanywi."

Kule kwetu karatasi watu wanachanachana, lakini mkono uliotolewa juu ya waya mbele ya shahidi haurudishwi. Wapo walioozesha mabinti kwa mkono huo, wapo waliogawa milima. Sigrun alivua glavu, akaunyoosha mkono wake mkubwa juu ya waya. Knut akaushika. Alisema baadaye kwamba mkono wa shemeji yake ulikuwa wa moto, umetoka kwenye jua.

Basi wakawaswaga. Sigrun, Rafferty na wanyoaji wake na mbwa mmoja asiye na adabu, wakawateremsha kondoo uchi kutoka kwenye upepo wa joto hadi kwenye ukungu. Kondoo hawakutaka. Kila walipofika pale hewa inapobadilika walisimama, wakageuza vichwa kutazama juu, wakalia, na Sigrun akawapiga na sketi yake, akiwaita majina aliyokatazwa na mchungaji. Akawaingiza wote kabla ya magharibi. Akalala nao humohumo bandani.

Kondoo aliyenyolewa akisikia baridi hutafuta mwenzake, naye hutafuta mwenzake, na wote hutafuta kona. Walijilundika. Sigrun alivuta mguu huu, akavuta sikio hili, akasukuma kwa mgongo, akalia. Alipowatenganisha kona moja walikuwa wamepandana kona nyingine. Asubuhi mlango ulipofunguliwa, waliolala chini hawakuinuka. Walikuwa wengi kuliko vidole vya mikono na miguu, na kila mmoja alikuwa na mwana tumboni.

Akapanda nyumbani kumwambia bibi Bergit. Alikuwa amejifunga gunia kichwani, nyusi zimeingia barafu. Katikati ya mteremko alitoka kwenye baridi kama mtu anavyotoka majini, kwanza kichwa, kisha mabega, kisha miguu. Jua likampiga usoni. Upepo wa magharibi ukamwondoa gunia kichwani. Akageuka. Bonde lote lilikuwa limejaa ukungu mzito hadi kwenye mstari ule, limejaa kama bakuli, na mstari haukusogea hata kidogo. Ng'ombe mmoja wa Knut alikuwa amesimama papo hapo mpakani, kichwa chini na barafu inamning'inia puani, huku nyuma mkia unafukuza nzi.

Bibi Bergit alikuwa amekaa kizingitini, viatu amevua, anaota jua.

"Haikufika?" Sigrun akauliza.

"Nini?"

"Baridi, mama. Haikufika hapa?"

"Nimelala dirisha wazi," bibi akasema. Kisha akamtazama vizuri, akaiona barafu kwenye nyusi, akaacha utani. "Mwanangu. Umewapeleka wapi?"

Baridi ile ilikaa bondeni siku mbili ikiuegemea mwinuko, haipandi, haitoki, Mlatheluji akiwa ameikalia juu. Halafu ikachoka ikarudi ilikotoka. Kondoo wa Sigrun ambao hawakuwahi kunyolewa walikuwa wamebaki juu, wanakula nyasi juani.

Alimwendea Knut, kofia ya Anders mkononi.

"Shemeji, baridi haikufika kwangu."

"Nimesikia. Tumshukuru Mungu."

"Basi nirudishie mkono wangu."

"Shemeji, mimi sikukuuzia baridi. Nilikupa banda. Ulilala bandani au hukulala?"

"Nililala."

"Haya."

Kanisani watu walicheka. Hawakumcheka usoni, walichekea kwenye vikombe. Mmoja akasema mjane amehamisha kondoo wake kutoka peponi hadi jehanamu, akalipa nauli. Bibi Bergit alisimama katikati ya kahawa ile akamwambia Knut kwa sauti, "Nilikuzaa siku mbili mchana na usiku. Ningejua, ningekaza." Mchungaji akaomba wapige wimbo.

Kiangazi kilipofika Knut alikuwa ameizungushia chemchemi waya mpya na kulaza bomba hadi bondeni. Kondoo walisimama kwenye waya ule wakinusa. Sigrun alichota kwa ndoo, akawapelekea, akachota tena, mpaka ile mikono iliyokuwa ikitaniwa ikapasuka. Kondoo mia na kitu hawanyweshwi kwa ndoo. Vuli hiyo waliuzwa wote. Ardhi ya mwinukoni akabaki nayo, kwa kuwa ardhi isiyo na maji hakuna aliyeitaka tena.

Aprili iliyofuata wanaume waligombana kanisani nani awe wa kwanza, maana mjane hakuwa na kondoo. Walirushiana maneno mpaka kahawa ikapoa. Zamu ya Knut ikaangukia mwisho kama kawaida, na Sigrun akaajiriwa na Knut kuwapikia wanyoaji kule bondeni, maana lazima bibi Bergit ale.

Siku ya mwisho ya kunyoa walikaa nje juani, wameshiba. Knut akaianza ile hadithi, kama alivyozoea sasa: shemeji yake na gunia kichwani, kondoo wakilia kuomba kurudi nyumbani. Wanyoaji vijana wakacheka hadi wakajishika mbavu. Sigrun alikuwa anapita na birika, anamimina.

Rafferty hakucheka. "Lakini ile baridi ingeweza kupanda," akasema. "Niliuona ule ukuta mwenyewe. Nani angejua?"

"Ah, isingepanda," Knut akasema.

"Unasema hivyo leo."

"Nasema hivyo siku zote. Mimi nimeishi chini hapa miaka mingapi? Mtu wa juu haoni, sisi wa chini tunaona. Ikiwa moshi wa kwangu umesimama wima na moshi wa kule juu bado umelala kuelekea mashariki, basi upepo umeikalia, haipandi. Haijawahi kupanda hata mara moja." Akanyoosha kikombe bila kumtazama anayemimina. "Siku ile niliutazama moshi wa nyumba yao muda wote tunaongea. Ulikuwa umelala kama kamba ya nguo."

Wanyoaji wakashusha vikombe. Mmoja wa vijana akaendelea kucheka peke yake, kisha naye akaacha. Knut aligundua kikombe chake hakijajazwa, akakitikisa.

"Shemeji, kahawa."

Sigrun alikuwa amesimama nyuma yake. Birika lilikuwa limejaa, ndiyo kwanza limetoka jikoni, mvuke unatoka mdomoni mwake. Alilitazama, akamtazama Knut kisogoni, na Rafferty alisema baadaye kwamba kwa muda kidogo hakujua lile birika litaelekea wapi, akasogeza kiti chake nyuma.

Akaliinamisha pembeni. Akaimwaga kahawa yote chini kwenye matope, polepole, mpaka machicha yakatoka.

"Imekwisha, shemeji," akasema.

Akafungua aproni, akaitundika kwenye waya wa ua, akaanza kuupanda mteremko.